Vifungo, kola na kikwapa: kulitengeneza shati la mitumba lidumu

Hapa barazani Langoni, Lamu, huulizwa maswali yale yale kila wiki. "Ami, mbona vifungo vyangu havikai?" "Mbona kola imefura vipovu baada ya pasi moja?" "Shati sijalivaa hata mwezi, limechanika ubavuni. Limefanyaje?" Anayeuliza huwa kijana aliyepata kazi Mokowe, anavuka kwa boti kila asubuhi na rasharasha za bahari zinamlowesha kifua. Au huwa mwanafunzi wa kushona aliyechoka kushona madera, sasa anataka shati la kiume. Nimejibu kwa mdomo hadi mdomo umechoka, basi nimeona niandike.

Mimi kazi yangu ni kanzu. Shati la ofisini nilijifunza kwa kulifumua. Nilinunua mashati matatu ya mitumba, mawili ya bei rahisi na moja zuri, nikayafumua mshono kwa mshono, nikavipanga vipande vyake mkekani. Nilidhani nitaona tofauti kubwa ya ukataji. Wapi! Yalikatwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitazama dukani: namna kifungo kilivyofungwa, kipande cha pembe tatu mwisho wa mshono wa ubavu, tundu lililoshonwa mara mbili, ncha ya kola iliyokatwa kwa uangalifu. Na vitu hivyo vyote waweza kuviongeza mwenyewe, nyumbani, kwa sindano ya mkono.

Kwa hivyo hapa sifundishi kushona shati kuanzia kitambaa. Tunachukua shati zuri la mitumba, tunalifanyia yale ambayo kiwanda hakikuwa na muda wa kuyafanya.

Kuchagua shati

Usinunue kwa kuangalia lebo. Ligeuze ndani nje, palepale kwa muuzaji, atazoea. Tazama mshono wa ubavu: kama umekunjwa na kulazwa, hakuna ukingo wa kitambaa unaoonekana, hilo ni shati. Kama kingo zimepigwa ovaloki tu, si vibaya, lakini usilipe bei ya kwanza. Kisha weka futi juu ya mshono wa kola uhesabu mishono ndani ya inchi moja. Ikifika 16 hadi 20, aliyeshona hakuwa na haraka. Ikiwa 10 au chini yake, alikuwa nayo. Mwisho tazama yoki, kile kipande cha mabegani mgongoni. Ikiwa imeunganishwa kwa vipande viwili katikati ya mgongo, mara nyingi shati lote limeshonwa na mtu anayejua.

Kola iliyochakaa kwenye mkunjo isikutishe. Ndiyo inayoshusha bei, na tutaigeuza.

Utakavyohitaji

- Shati la pamba tupu. La mchanganyiko wa polyesta linatengenezeka pia, ila halishiki mkunjo wa pasi, na ukianza nalo utavunjika moyo bure.
- Sindano nyembamba za mkono, na subana. Usiidharau subana, matundu ya vifungo yatakutoboa kidole.
- Uzi wa polyesta mwembamba kwa vifungo, na uzi wa pamba kwa matundu.
- Kipande cha nta ya nyuki.
- Kifumulio cha mishono, au wembe mpya. Wembe wa juzi hapana.
- Njiti za kibiriti.
- Pini zisizo na kutu. Hewa yetu ina chumvi, pini hushika kutu upesi sana. Mimi huziweka kwenye kopo lenye mchele mkavu.
- Chaki ya fundi, au kile kipande cha sabuni kilichobaki chembamba.
- Pasi, na kitambaa cha pamba cha kulowesha.
- Cherehani yenye sindano namba 11, kama ipo. Namba 14 iliyozoea jinzi itaacha vishimo kwenye poplini, kile kitambaa chembamba cha mashati.
- Vifungo 13 na viwili vya akiba.

Kuhusu vifungo: viwandani hupimwa kwa laini, na laini 40 ni inchi moja. Vya mbele ya shati huwa laini 18, yaani milimita 11 na kidogo. Vya mpasuo wa mkono, na vya ncha za kola kama zina vifungo, ni laini 14 hadi 16. Ukipata vya lulumizi, lile gamba la ndani la chaza linalong'aa, chukua. Kujua kama ni vya kweli, kiguse kifungo na mdomo wa juu: cha gamba ni baridi, cha plastiki hakina baridi.

Hatua ya 1: Lifue, na ufue kila kitakachoshonewa juu yake

Pamba hurudi ikifuliwa. Ukishonea kiraka kisichofuliwa juu ya shati lililofuliwa, kufua kwa kwanza kiraka kitajikunja. Anika kivulini. Kama utatumia kipande cha kikoi, kifue peke yake mara mbili tatu mpaka maji yatoke meupe. Rangi ya kikoi kipya haina adabu mbele ya shati jeupe.

Hatua ya 2: Toa vifungo vyote

Najua utasema kilicholegea ni kimoja tu. Geuza shati utazame mgongo wa vifungo vingine. Vingi vya kiwandani hushonwa kwa uzi mmoja uliosukwa kama mnyororo: ncha ikipatikana ukaivuta, uzi wote hutoka mara moja, *prrr*, na kifungo mkononi. Hicho kimoja kilichoanguka kimetangulia tu.

Kata uzi kati ya kifungo na kitambaa, upande wa kifungo. Ukipitisha wembe upande wa kitambaa siku moja utakata shati, na kovu litakuwa mbele ya kifua. Alama za mahali pa vifungo usizifute bado.

Hatua ya 3: Matundu kwanza, vifungo baadaye

Wanaoanza hufanya kinyume. Tundu ndilo linaloamua kifungo kikae wapi, kwa hiyo litengenezwe kwanza.

Tazama matundu ya shati lako. La kwenye stendi, ule mkanda wa kola unaosimama shingoni, limelala. Yanayofuata yamesimama. Kwenye mashati mazuri la mwisho kabisa chini nalo limelala. Shingo huvuta kwa upande, na kifungo kwenye tundu lililolala kina nafasi ya kusogea bila kubana. Kifuani tunataka kifungo kisiteleze kwenda upande, ndiyo maana tundu husimama. La chini hulazwa kwa kuwa ndipo nguo huvutwa ukikaa na kuinama.

Kama tundu la kiwandani bado lina umbo ila linatoa nyuzi, usilifumue. Lizungushie juu yake:

1. Punguza nyuzi zilizotokeza kwa mkasi mdogo. Usizivute.
2. Chukua uzi wa pamba mmoja, si maradufu, urefu wa sentimita 50 hivi. Upitishe kwenye nta mara mbili, kisha uupige pasi kati ya karatasi mbili ili nta iingie ndani. Uzi wenye nta haujisokoti.
3. Anza upande wa ndani wa mkanda wa mbele. Ingiza sindano milimita 2 kutoka ukingo wa tundu, itoke ndani ya tundu, na kabla hujaivuta zungusha uzi chini ya ncha yake. Ukivuta, fundo dogo litakaa ukingoni.
4. Endelea hivyo, mishono ikigusana bila kupandana. Pembeni panua kama miale.
5. Mwisho wa tundu, upande ambao kifungo hakivuti, piga mishono mitatu ya kukingama.

Aliyelelewa na mama anayeshona kofia za vito hapa ataanza kutabasamu, kwa sababu mkono ni ule ule wa kuzungushia vishimo vya kofia, ila kishimo sasa kimerefuka. Binti mmoja wa Mkomani hajawahi kushona shati maishani mwake, lakini anashona kofia. Nilimpa mkanda wa shati apige tundu moja. Lake likawa zuri kuliko langu, na mimi ndiye mwalimu!

Kama tundu ni jipya kabisa, urefu wake ni upana wa kifungo ukijumlisha unene wake. Kifungo cha milimita 11 hutaka tundu la 13 hadi 14. Shona mstari mwembamba kuzunguka alama kwanza, ndipo ukate.

Na sasa onyo ambalo nililipia. Unapokata tundu kwa wembe au kifumulio, choma pini ikingame kwenye kila mwisho wa tundu kabla ya kukata. Kila mwisho, si mmoja. Mwaka wangu wa pili na mashati nilikuwa nakata tundu la tatu la shati la mwalimu mmoja, alilitaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, taa imepotea. Wembe ulipita mishono ya mwisho, ukakata mkanda hadi karibu na ukingo. Nilikaa nikiliangalia. Kulificha haikuwezekana, ni mbele ya kifua. Ilibidi nifumue mkanda wote, nikate mwingine kutoka mkia wa shati, na mkia niuunganishe kwa kitambaa kingine. Mwalimu alilivaa. Hakusema kitu. Lakini tangu siku hiyo huniletea suruali tu.

Hatua ya 4: Kifungo chenye shingo

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza, "mbona havikai?" Kifungo kilichobanwa juu ya kitambaa hakina pa kuweka unene wa upande wa pili. Ukifunga shati, uzi unavutwa saa nzima, siku nzima, mpaka ukatike. Kifungo kinataka shingo.

1. Funga mkanda wa mbele kama shati limevaliwa. Pindo za chini zilingane kwanza. Choma pini katikati ya kila tundu lililosimama, na kwenye matundu yaliyolala choma karibu na mwisho ulio upande wa ukingo wa mbele. Hapo ndipo kifungo.
2. Uzi maradufu wenye nta, fundo dogo. Ingia kutoka juu ili fundo lijifiche chini ya kifungo.
3. Weka kifungo, na juu yake, katikati ya vishimo, laza njiti ya kibiriti. Shona juu ya njiti.
4. Vishimo vinne: pita mara tatu kwa kila jozi. Sambamba au msalaba, vyote vinashika. Kuna mtindo wa mguu wa kuku, nyuzi tatu zinazotoka kishimo kimoja kwenda vitatu vingine. Unapendeza sana, ila nguvu zote zinabebwa na kishimo kimoja.
5. Chomoa njiti. Inua kifungo, uzi utabaki na ulegevu wa milimita 2 au 3 chini yake.
6. Toa sindano kati ya kifungo na kitambaa. Zungusha uzi kwenye zile nyuzi mara tano, ukikaza. Shingo imesimama.
7. Pitisha sindano katikati ya shingo mara mbili, shuka chini, funga, kata.

Kosa la kwanza ni kuzungusha mara kumi na tano; shingo inakuwa mnara na kifungo kinainama. La pili ni kusahau vifungo vya kafu, ule mkanda wa mwisho wa mkono, wakati hivyo ndivyo vinavyogonga meza kutwa.

Kama kitambaa chini ya kifungo kimeshachanika, usishone juu ya tundu bovu ukitumaini mema. Weka kipande cha kitambaa kama ukucha wa kidole gumba upande wa ndani wa mkanda, ushone kifungo kupitia vyote viwili.

Hatua ya 5: Kikwapa cha ubavuni

Kila avaaye kanzu anajua kikwapa, kile kipande kinachowekwa chini ya mkono ili kanzu isichanike ukiinua mkono. Shati zuri lina ndugu yake mdogo, ila amekaa chini: pembe tatu ndogo pale mshono wa ubavu unapoishia na pindo la mbele na la nyuma kuachana. Pale ndipo shati huchanika, kwa kuwa ukilichomeka ndani ya suruali na kulichomoa, nguvu zote huishia kwenye mshono mmoja wa mwisho.

1. Kata mraba wa sentimita 5 kwa 5. Kitambaa chembamba. Mimi hutumia mabaki ya kikoi, buluu kwa shati jeupe. Kipande hakionekani shati likiwa limechomekwa, na mwenyewe anajua kipo.
2. Kunja kingo zote nne sentimita 1 kwenda ndani, piga pasi. Sasa una mraba wa sentimita 3.
3. Ukunje kona kwa kona uwe pembe tatu, kingo zilizokunjwa zikiwa ndani. Pasi tena.
4. Ifungue kidogo kama mdomo wa bahasha, ingiza mwisho wa mshono wa ubavu katikati. Ncha iangalie juu, ikae sawasawa juu ya mshono. Ule mkunjo mrefu uwe chini ukiunganisha pindo mbili. Safu moja iko nje, nyingine ndani.
5. Piga bandi, ile mishono mirefu ya muda inayofumuliwa baadaye. Usiruke bandi hapa. Kitu kidogo hivi hukimbia chini ya mguu wa cherehani.
6. Shona kingo mbili za juu, milimita 2 kutoka ukingo, mishono midogo. Mkono pia unatosha.
7. Kwenye ncha ya juu piga mishono minne ya kukingama kwa mkono.

Vyote viwili, kushoto na kulia, ni kazi ya saa moja mara ya kwanza. Kama mshono umeshaanza kuachia, ushone kwanza ndipo uweke kikwapa. Kikwapa si kiraka cha kuficha.

Hatua ya 6: Mpasuo wa mkono

Juu ya kafu kuna mpasuo wa inchi 5 au 6. Mashati ya bei rahisi huacha mpasuo huu bila kifungo, na unapofanya kazi mezani mkono unapanuka kama mdomo wa samaki. Ongeza kifungo kidogo cha laini 14 katikati ya mpasuo na tundu lake, lililosimama, kwa maelezo yale yale ya hatua ya 3 na 4.

Kwa joto letu mikono hukunjwa kabla ya saa nne. Kabla ya kukunja, fungua kifungo hicho. Mtu akikunja bila kufungua, kilele cha mpasuo ndicho kinachoumia. Kwa hiyo, ukiwa na sindano mkononi, piga mishono mitano ya kukingama hapo juu.

Marinda mawili kwenye kafu usiyaguse. Wengi wanaoanza huyaona ni kitambaa cha ziada, wanayafumua na kupunguza mkono, halafu kiwiko hakikunjiki.

Hatua ya 7: Kugeuza kola

Kola iliyochakaa huchakaa pale inapokunjwa, ndevu na shingo zinaposugua. Upande wa chini huwa mzima kabisa. Wazee walikuwa wakigeuza.

Kwanza hakikisha inageuzika. Kama upande wa chini una vijifuko vya kuingizia vijiti vya kola, vile vinavyonyoosha ncha, ukigeuza vitakuja juu, vinaonekana. Shati hilo acha.

1. Pima katikati ya kola na katikati ya stendi. Weka alama ya uzi wa rangi kwenye kila kimoja. Si chaki, itafutika kabla hujamaliza.
2. Fumua ule mshono unaoshika kola ndani ya stendi, huo tu. Stendi ibaki imeshonwa kwenye shati. Nimeona watu wanafumua vyote, shingo ya shati ikalegea, hawakuirudisha tena.
3. Namna ya kufumua: upande mmoja kata mshono mmoja kila baada ya mitatu. Geuza upande wa pili, vuta uzi, utatoka wote. Usikwaruze kwa wembe kama unaparua samaki magamba.
4. Toa vumbi lililojaa ndani. Lipo, na litakushangaza.
5. Palipochanika shona kwa uzi mwembamba mishono midogo ya kwenda na kurudi, ili pasiendelee. Patakuwa chini, hapataonekana, lakini patachakaa zaidi ukipaacha.
6. Geuza kola, iliyochanika iwe chini. Iingize tena ndani ya stendi. Linganisha alama za katikati kwanza, halafu ncha mbili. Pini katikati, pini mwisho, ndipo pini za kati.
7. Piga bandi. Kisha jiangalie kwenye kioo ukiwa umelivaa, kola imefungwa. Ncha moja ikiwa juu ya nyingine hata kwa milimita 3 itaonekana kuliko chochote kwenye shati hilo. Rekebisha sasa.
8. Shona, ukifuata matundu ya zamani ya mshono. Urefu wa mshono milimita 2.

Jambo moja utaliona: ncha za kola zitataka kuinuka kidogo. Kipande cha chini hukatwa kiwe kidogo kuliko cha juu, kwa milimita 2 hivi, ili mshono ujifiche chini. Ukigeuza, kidogo kinakuwa juu. Laza kitambaa kibichi, piga pasi ukizivuta ncha kwa ndani, zikaushe zikiwa zimelala chini ya kitabu kizito. Mara mbili tatu zitakubali.

Ukiwa umeshona kola mpya badala ya kugeuza, ncha ndiyo mtihani. Usishone kona kali: unapofika, piga mshono mmoja wa kukata kona, ndipo ugeuke. Punguza kitambaa hadi milimita 3, ila usikaribie mshono zaidi ya hapo. Na unapogeuza usisukume ncha kwa mkasi. Kabla ya kugeuza pitisha uzi imara kwenye kona, kisha uvute ncha itoke.

Hatua ya 8: Pasi

Kola kwanza, kuanzia ncha kuja katikati. Ukianza katikati unasukuma mkunjo hadi nchani, na hapo haina pa kwenda. Kama kola ina vijiti, vitoe kabla ya pasi na kabla ya kufua. Vikipotea, kata vingine kwenye galoni la plastiki, sentimita 6, uvilainishe kwa kusugua kwenye jiwe. Kisha yoki, kafu, mikono, kiwiliwili. Juu ya vifungo vya plastiki usipitishe pasi, zunguka.

Mambo yakienda kombo

*Kola imefura vipovu.* Ndani yake kuna bitana ya gundi, na gundi imeachia. Mara nyingi ni pasi kali sana au bitana mbovu. Niliwahi kununua mita mbili za bitana, sitaji wapi, nikashona kola sita. Zote zilifura kwa kufuliwa mara ya pili, na wenye mashati waliponijia mlangoni hawakuwa na habari ya bitana, walikuwa na habari yangu. Jaribu hivi: kitambaa kibichi juu, pasi ya moto wa kati, bonyeza sekunde 10 hadi 15, inua, sogea. Kuburuta pasi ndiko kunakoleta vipovu. Ikikataa mara ya pili, gundi imekufa. Fumua kola, ing'oe bitana, weka ya pamba isiyo na gundi, ishikilie kwa bandi. Na bitana yoyote mpya jaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu, ufue, uone. Wa pasi ya makaa ndio zaidi, kwa sababu moto wake haupimiki.

*Cherehani inaruka mishono au mshono unajikunja.* Badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Bado? Legeza uzi wa juu kidogo. Bado? Angalia mafuta. Wako wanaotia mafuta ya kupikia ndani ya cherehani. Yakizeeka yanakuwa gundi. Tia ya cherehani.

*Tundu limekuwa kubwa, kifungo kinatoka chenyewe.* Piga mishono miwili mitatu mwisho wa tundu kulifupisha. Usibadilishe kifungo kuwa kikubwa, shati zima litaonekana limevaa vya kuazima.

*Shati linafunguka mwanya kifuani.* Ama linabana, na hapo hakuna ufundi wa sindano, ama vifungo vimeachana mno. Kati ya kifungo na kifungo inchi 3 na nusu ni kiasi cha kutosha. Kikiachana zaidi, ongeza kifungo kimoja kidogo kilichofichwa ndani ya mkanda.

*Madoa ya kahawia mahali palipokuwa na pini.* Kutu. Usitie dawa ya madoa ya klorini, italifanya doa likae milele. Kama shati ni jeupe, kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, weka juani nusu saa, suuza kwa maji mengi. La rangi lijaribu kwanza kwenye mkia, pasipoonekana, kwa kuwa ndimu na jua hupausha. Doa likibaki, rudia kesho jua likipanda, na zile pini zitupe.